Kuacha kanyanga na madawa ya kulevya: mambo ambayo familia za Kasenga zinapaswa kujua

Katika kartiye Kasenga, hapa Uvira, kanyanga iko na bei ndogo kuliko bia, na bangi haiko mbali. Familia yenye mtoto aliyezama humo mara nyingi inachagua moja ya njia tatu: kumfungia nyumbani, kumpeleka kwenye chumba cha maombi, ao kumpeleka polisi. Njia zote tatu zinafanana kwa jambo moja: zinamkatisha pombe ghafla, bila dawa. Kwa mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu, hapo ndipo hatari ya kifo inaanzia.

Siku tatu za kwanza

Mwili wa mnywaji wa kila siku umeisha kuzoea pombe. Ikikosekana, ndani ya masaa machache mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, anatapika na usingizi unakimbia. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka na kukakamaa kama mgonjwa wa kifafa. Kuanzia siku ya pili ao ya tatu wengine wanachanganyikiwa: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, wanapigana na watu ambao hawapo.

Hapo wengi wanasema ni mapepo ao ni ulozi. Hapana, ni ugonjwa unaojulikana, na unaweza kuua. Maombi hayakatazwi, lakini mgonjwa wa namna hii anahitaji hopitali siku hiyohiyo.

Huko waganga wanampa diazepam (watu wengi wanaiita Valium), wanaipunguza siku kwa siku mpaka inaisha, mara nyingi ndani ya juma moja. Wanaongeza vitamini B1, maji na chakula. Familia isinunue diazepam farmasi na kumpa yenyewe: ikichanganyika na pombe, inaweza kuzima pumzi.

Heroini na bangi

Heroini, ambayo vijana wa Bujumbura wanaiita boost, iko na njia yake. Anayeiacha anaumwa mwili mzima, anaharisha na hasinzii, lakini kwa kawaida hafi juu ya maumivu hayo. Hatari kubwa inakuja nyuma. Akikaa majuma machache bila kutumia, mwili unapoteza mazoea. Siku anarudilia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Ndiyo maana anayetoka kasho ao gereza anahitaji uangalizi kuliko mwingine.

Kwa bangi hakuna dawa ya kuichukulia nafasi. Kinachosaidia ni mazungumzo na mshauri, kwa muda mrefu. Akianza kusikia sauti ao kuogopa kila mtu, aonwe na waganga wa magonjwa ya akili.

Wapi kwenda

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ao Hopitali Kuu ya Uvira. Kwa matibabu ya akili, Bukavu iko na SOSAME, kituo cha Mafrere wa Charité kilichofunguliwa 1994. Ni zaidi ya kilometa 100 kwa barabara ya Kamanyola na Ngomo. Bujumbura, kupita mpaka wa Kavimvira, kuko hopitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge. Goma kuko Tulizo Letu.

Vita inaweza kufunga barabara, na pesa ya safari inaweza kukosa. Kwa hiyo mnywaji wa kila siku asiache ghafla akingojea kusafiri. Mpaka aonane na muganga, apunguze polepole, kikombe kwa kikombe, na asibaki peke yake.

Sheria inafanya nini

Katika Kongo bangi na heroini zimekatazwa, na anayekamatwa nazo anafungwa. Lakini kasho haina dawa. Familia iambie OPJ mapema kama aliyefungwa ni mnywaji wa kila siku, na iombe apelekwe hopitali.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilijaribu kushika pande mbili. Mwezi wa pili 2011 hopitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watu wa heroini. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi. Inaondoa maumivu na hamu bila kulevya kama heroini. Kenya ilifuata mwisho wa 2014 huko Mathari, Nairobi, na Zanzibar mwaka 2015 huko Kidongo Chekundu. Mwaka huo wa 2015 Tanzania ilipitisha sheria kali, na mfanyabiashara wa madawa anaweza kufungwa maisha. Hata hivyo kliniki hazikufungwa; zingine zilifunguliwa Mbeya, Mwanza na Dodoma. Muuzaji anafuatwa na polisi, mtumiaji anaweza kupelekwa kwa muganga.

Baada ya hopitali

Kusafisha mwili ni mwanzo tu. Wengi wanarudilia mara moja ao zaidi mbele ya kuacha kabisa, na hiyo si alama kwamba pesa ya matibabu imepotea. Zanzibar, tangu 2009, watu walioacha walianza kufungua nyumba ambamo wanaishi pamoja na kusaidiana kila siku. Hapa nyumbani, kitu kidogo kama kazi ya asubuhi, rafiki asiyekunywa na tarehe ya kurudi kwa muganga kinaweza kumshikilia.

Akianguka na kukakamaa

– Mulaze ubavu, muondoe vitu vigumu karibu naye.
– Musimuwekee kitu mdomoni, wala kijiko wala maji.
– Musimfunge kamba.
– Mukimbie naye hopitali, na mumwambie muganga ukweli: alikuwa anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.