Tarehe ya Singa: Mkonge wa Tanga tangu Kikogwe

Kabla mkonge haujafika, pwani yetu ilikwishajua kazi ya nyuzi. Akina mama walizika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi, bahari ikaozesha kilicho laini, kisha wakayafukua na kuyatwanga hadi wakabaki na usumba wa kusokotea kamba. Bara nako watu walipata katani kwenye mimea ya porini, wakaitumia kwa mitego na mikoba. Mkonge ulileta jani jipya na biashara kubwa, lakini kanuni yake ni ileile ya kale: ondoa nyama, okoa uzi.

Asili ya mkonge ni Mexico, na Yucatan ndiko nyuzi za mimea ya jamii hiyo zilikotajirisha wenye mashamba, ambao hawakutaka miche yao itoke nje. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na mwaka 1893 ilipofika Tanga, 62 tu ndiyo iliyokuwa hai. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Katika miche hiyo ndimo yalimoanzia mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza na Morogoro. Mwaka uleule ilianza kujengwa reli ya kutoka Tanga. Ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, na mkonge ukaifuata njia hiyo.

Jani la mkonge ni maji na nyama. Singa, yaani nyuzi zilizomo ndani yake, ni kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito. Likikatwa halingoji. Likilala siku mbili au tatu juani, utomvu hukauka, nyama hugandamana na uzi, na singa hutoka chafu tena fupi. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilijenga kinu chake na kutandika reli ndogo za kusomba majani. Mtambo wenyewe waliuita korona. Majani huingia yakiwa yamelala ubavu, magurudumu yenye visu butu yakayakwangua, huku maji mengi yakisukuma nyama itoke. Singa hutoka zikiwa mbichi, nyeupe zenye ukijani, zikaoshwa na kuanikwa juu ya waya. Jua ndilo lililozikausha na kuzing'arisha. Kisha zikapigwa brashi, zikachambuliwa kwa urefu na rangi, zikashindiliwa kuwa robota za kilo 250.

Kufikia 1913 koloni la Wajerumani lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi na Waswisi. Wamiliki wakabadilika, mkataji hakubadilika. Yeye aliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, akaandikishwa kwa namba, akaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri watu wa mbali. Kazi ilikuwa ya kipande: majani 30 kwa kifungu, vifungu kwa makumi, miiba ikichoma na utomvu ukiwasha ngozi, alfajiri hadi kipande kiishe. Mgomo wa Mazinde wa 1958 uliionyesha nchi kwamba watu hao walikuwa na sauti. Anayesifu utajiri wa mkonge bila kuwataja manamba ameacha nusu ya tarehe.

Katikati ya miaka hiyo sayansi nayo ilifanya kazi. Kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, kilichoanzishwa 1934, kilichanganya mbegu, na mzazi mmoja alikuwa mkonge unaobeba jina la Amani, katika milima ya Usambara. Akapatikana chotara namba 11648, mwenye majani mengi kuliko mkonge wa Hindorf. Leo chotara huyo hulimwa sana hata China.

Kilele kilikuwa 1964, kiasi cha tani 230,000. Tanzania iliongoza dunia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya umma. Lakini tayari kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, nyepesi na rahisi, na bei ya singa ikaporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilitoa kiasi cha tani 20,000 tu. Vinu vikashika kutu, mapori yakarudi, na mabaki ya mkonge yaliyomwagwa mitoni yakaendelea kuoza na kunuka.

Kufufuka kumekuja kwa njia mbili. Tangu 1999 wakulima wadogo wa Korogwe wamegawiwa viwanja ndani ya mashamba ya zamani, wakilima wenyewe na kutumia kinu cha pamoja. Pale Hale, wilayani Korogwe, mabaki yaliyokuwa uchafu yaligeuzwa gesi ya kuzalisha umeme. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2009 kuwa wa nyuzi za asili, dunia ilikuwa imeanza kuichoka plastiki isiyooza.

Hatua iliyobaki ni nguo na vitambaa. Singa ni ngumu kwa sababu ya gundi na ukuni uliomo ndani yake. Kuilainisha huhitaji kuinyunyizia mafuta yaliyochanganywa na maji, kuichana tena na tena, au kuiloweka katika maji yenye soda kali kidogo ili gundi itoke na rangi ishike. Soda ikizidi, uzi hukosa nguvu. Ikichanganywa na pamba au sufu huweza kufumwa kitambaa kizito. Kina mama wa Ukambani, Kenya, wamesokota nyuzi za mkonge mapajani na kufuma viondo kwa rangi za magome na mizizi; ujuzi upo, haujapewa mashine. Lakini maji ya soda yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, tusidai kuwa tunalinda mazingira.

Kwa zaidi ya miaka 100 Tanga imepeleka robota ng'ambo, ikawaachia wengine sehemu kubwa ya kusokota na kufuma, na faida kubwa imebaki huko. Tusiipime tena afya ya mkonge kwa tani zinazotoka bandarini. Serikali, Bodi ya Mkonge na wenye viwanda wawape wakulima korona zisizowangojesha majani yakikauka, kisha wajenge vinu vya kusokota na kufuma hapahapa, vyenye mabwawa ya kusafisha maji. Mkulima wa Korogwe anastahili kuuza uzi, si singa tupu.