Siku Shangazi Alipofutwa Kwenye Orodha

Tarehe 9 Julai 2012, shangazi alikoma kuwa ndugu machoni pa sheria ya Uingereza. Mjomba naye, na baba mdogo, na mpwa, na binamu. Hakuna aliyefariki wala aliyekanwa na ukoo wake. Siku hiyo zilianza kutumika kanuni mpya kuhusu rufaa za viza ya kutembelea jamaa, na katika orodha ya watu waliohesabiwa kuwa familia, hao hawakuwemo tena. Mama, baba, babu, bibi, kaka, dada, watoto na wajukuu walibakizwa. Walibakizwa kwa mwaka mmoja usiotimia.

Kwa asiyepata kuomba viza, jambo hili huenda likaonekana la makarani. Kwa familia yenye mtoto Leicester au Reading na wazee Mombasa, Tanga au Kampala, ni jambo la nyumbani kabisa. Binti amejifungua na anamtaka mama yake amtunze hadi atimize arobaini. Kijana anaoa, na shangazi aliyemlea tangu alipofiwa na mzazi ndiye anayestahili kukaa mbele. Kuna msiba, na maziko hayasubiri. Wanaoomba viza ya namna hii hawatafuti kazi wala makazi. Wanataka kufika, kukaa wiki chache au miezi michache, kisha kurudi kwenye shamba, duka na wajukuu wengine. Ugumu ni kumthibitishia hayo mtu asiyewajua.

Kabla ya 1962 uthibitisho huo haukuhitajika. Sheria ya Uraia ya 1948 iliwaruhusu watu wa makoloni na wa nchi za Jumuiya ya Madola kuingia Uingereza bila kuuliza mtu, na aliyetaka kutoka Mombasa kwenda kumwona nduguye London alihangaikia nauli ya meli tu. Tarehe 1 Julai 1962 ilianza kazi Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Ililenga hasa waliokwenda kutafuta ajira, lakini tangu siku hiyo hata mgeni wa matembezi alisimama mbele ya afisa wa uhamiaji mwenye uwezo wa kumrudisha.

Miaka sita baadaye Afrika Mashariki ikawa kiini cha habari yenyewe. Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza, walioona nafasi zao za kazi na biashara zikibanwa baada ya uhuru, walianza kuondoka kwa maelfu. Waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, alipeleka bungeni muswada uliopitishwa kwa siku tatu, na ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Pasipoti pekee haikutosha tena: mwenye nayo alipaswa awe yeye, mzazi wake au babu yake ana asili ya Uingereza, kwa kuzaliwa huko kwa mfano. Hapo undugu uliingia katika sheria ya mpakani kama ufunguo. Babu aliyezaliwa Leeds alifungua mlango, babu aliyezaliwa Gujarat hakuufungua, na familia moja ikajikuta imegawanyika, nusu Nairobi, nusu Leicester, ikitembeleana kwa ruhusa ya serikali.

Hata hivyo kipindi hichohicho kilizaa kitu chema, na ni haki kukitaja. Kamati ya Sir Roy Wilson ilieleza mwaka 1967 kwamba si sawa afisa mmoja awe na neno la mwisho juu ya safari ya mtu bila mtu huyo kuwa na pa kulalamikia. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya rufaa za uhamiaji. Mgeni aliyekataliwa, hata wa matembezi, akapata nafasi ya kesi yake kusikilizwa na mtu mwingine, asiyekuwa afisa aliyemkataa.

Viza yenyewe ilikuwa bado haijawafikia raia wa Jumuiya ya Madola waliokwenda kutembea. Msafiri alipanda ndege na pasipoti yake, na uamuzi ukafanyika Heathrow. Mfumo huo ulikuwa na mateso yake, maana watu walihojiwa kwa saa nyingi na wengine walilala kizuizini. Lakini ulikuwa na faida moja kubwa. Upande wa pili wa ukuta walikuwapo wenyeji. Kaka aliyekuja kumpokea mdogo wake aliweza kumpigia simu mbunge wa eneo lake, na mbunge akiingilia kati, kumrudisha mgeni kulisimamishwa hadi suala lichunguzwe.

Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher iliamua kuufunga mlango huo. Septemba ilitangazwa kwamba raia wa India, Pakistan, Bangladesh, Ghana na Nigeria wangehitaji viza kabla ya kusafiri. Oktoba, siku chache kabla ya amri kuanza kutumika kwa nchi za Bara Hindi, watu walikimbilia Heathrow kuwahi muda, na uwanja ukafurika. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuyatoza mashirika ya ndege faini ya pauni 1,000 kwa kila abiria aliyeshushwa bila hati zinazotakiwa. Kuanzia hapo aliyemzuia msafiri wa kwanza kabisa alikuwa mfanyakazi wa kaunta ya ndege katika nchi yake mwenyewe. Katika miaka ya 1990 zamu ikafika kwetu: Uganda, kisha Kenya na Tanzania. Zimbabwe ilifuata mwaka 2002, Jamaica mwaka 2003.

Hapa ndipo penye uzi wa historia hii nzima. Hatua kwa hatua, mwamuzi amesogezwa mbali na ndugu. Kwanza alitoka Heathrow, walikokuwa wenyeji, akaenda ubalozini. Ubalozini mwombaji alikaa mbele ya afisa na angalau alionekana uso wake. Kisha maombi ya nchi nyingi za Afrika yakawa yanapelekwa kuamuliwa Pretoria, huku mwombaji wa Nairobi au Dar es Salaam akiishia kwenye ofisi ya wakala anayepokea karatasi, kupiga picha na kuchukua alama za vidole, bila mamlaka yoyote juu ya jibu.

Na karatasi ndiyo kila kitu. Barua ya mwaliko, nakala ya pasipoti ya mwenyeji, vyeti vya kuzaliwa vya kuonyesha nani kazaliwa na nani, barua ya mwajiri, hati ya nyumba au shamba, taarifa za benki za miezi sita. Mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba ana kinachomrudisha nyumbani. Mfanyakazi wa ofisini mwenye mshahara unaoingia benki kila mwezi anaonyesha kwa urahisi. Mama muuza vitenge anayeweka akiba kwenye kikundi cha kuchangiana, mwenye nyumba aliyojenga kwenye kiwanja cha ukoo kisicho na hati, ana sababu nyingi zaidi za kurudi kuliko huyo mfanyakazi, ila hazina muhuri. Watoto wake wakimtumia fedha ili akaunti ionekane ina uzito, afisa anauliza zimetoka wapi ghafla. Huu ni udhaifu wa kipimo chenyewe, na umewaumiza zaidi wazee, ambao ndio hasa wasio na nia ya kuanza maisha mapya kwenye baridi.

Ndiyo maana rufaa ilikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1993 serikali ya John Major iliwaondolea wageni wa matembezi haki hiyo, wa familia wakiwemo. Wahindi, Wapakistani, Wajamaika na Waafrika waliokwisha kuwa wapiga kura waliwalilia wabunge wao kwa miaka, na chama cha Labour kilipoingia madarakani mwaka 1997 kiliahidi kuirejesha. Ilirejea Oktoba 2000, kwa wanaotembelea familia tu, na kwa bei ya kutisha: pauni 500 kwa anayetaka kusikilizwa ana kwa ana, pauni 150 kwa rufaa ya karatasi. Kelele zilipozidi, Januari 2001 ada ilishushwa hadi pauni 125 na 50, na mwaka 2002 ikafutwa kabisa.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote katika historia hii. Kanuni za 2003 ziliorodhesha familia kwa upana ambao hata mzee wa Lamu angeutambua: wazazi, babu na bibi, wakwe na mashemeji, mashangazi, wajomba, wapwa, binamu wa kwanza, hata mzazi na mtoto wa kambo. Mwombaji akikataliwa, mwenyeji alikwenda mahakamani, Taylor House jijini London kwa mfano, akasimama mbele ya jaji na kueleza kwa mdomo wake yale ambayo taarifa ya benki haiwezi kueleza: kwamba huyu ndiye aliyenilipia ada ya shule, kwamba ana ng'ombe na wajukuu wanaomngoja, kwamba alikuja mwaka juzi akarudi kabla ya muda kwisha. Rufaa nyingi zilishinda.

Wingi wake ndio uliokuja kuwa hoja ya kuziua. Mwaka 2012 serikali ya David Cameron ilieleza kwamba karibu theluthi ya rufaa zote za uhamiaji zilihusu matembezi ya familia, kwamba wengi walishinda kwa kuleta ushahidi ambao hawakuuambatisha mwanzoni, na kwamba kuomba upya kulipata jibu kwa siku kama 15 ilhali rufaa ilichukua hadi miezi minane. Hoja ya ushahidi mpya ina ukweli ndani yake. Lakini mtu hawezi kuambatisha jibu la shaka ambayo hajaelezwa. Sababu ya kukataliwa huijua akishakataliwa, na mahakama ndipo ilipokuwa mahali pa kuijibu. Julai 2012 orodha ikapunguzwa, shangazi akatoka. Tarehe 25 Juni 2013 rufaa yenyewe ikafutwa kwa wote, mama mzazi akiwemo, isipokuwa kwa madai ya haki za binadamu au ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo serikali ilipanga pia kuwatoza wageni kutoka nchi sita, zikiwemo Ghana na Nigeria, dhamana ya pauni 3,000. Mpango huo uliachwa kabla haujaanza.

Na dirisha la haki za binadamu ni jembamba. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya uhamiaji ilieleza, katika kesi iitwayo Mostafa, kwamba kwa kawaida litawafaa mume na mke, au mzazi na mtoto mdogo. Bibi anayetaka kumwona mjukuu wake mwenye umri wa miaka 20 hana matumaini makubwa hapo.

Marekani nayo iliwahi kufika kwenye orodha kama hiyo. Juni 2017, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliporuhusu sehemu ya katazo la Donald Trump kwa raia wa nchi sita, Somalia ikiwemo, ilisema wenye uhusiano wa kweli na watu walioko Marekani wasizuiwe. Serikali ikatoa tafsiri yake: babu, bibi, mjomba na shangazi hawahesabiki. Jaji Derrick Watson wa Hawaii aliitupilia mbali tafsiri hiyo tarehe 13 Julai, akisema akili ya kawaida inatosha kujua kwamba bibi ni familia ya karibu.

Uingereza haikupata jaji wa namna hiyo, lakini ilipata wanaharakati. Mashirika mawili, JCWI na Foxglove, yalifichua kwamba tangu 2015 maombi ya viza yalikuwa yakipangwa na programu ya kompyuta katika makundi ya nyekundu, njano na kijani, utaifa wa mwombaji ukiwa kigezo kimojawapo. Programu hiyo ilisimamishwa Agosti 2020. Mwaka mmoja kabla, kundi la wabunge wanaofuatilia mambo ya Afrika lilikuwa limeripoti kwamba uwezekano wa waombaji wa Afrika kukataliwa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa waombaji wa sehemu nyingine yoyote ya dunia.

Aprili 2025 ada ya viza ya miezi sita ilifika pauni 127, na ada hairudishwi mwombaji akikataliwa. Anaweza kuomba tena kesho yake, na keshokutwa, mradi alipe. Katika kila fomu mpya kuna swali kama amewahi kunyimwa viza, na anapaswa kutaja kila mara aliyonyimwa, pamoja na zile ambazo hakuna jaji aliyepata kuziangalia.