Ya Kwetu, Si Yetu: Historia Fupi ya Baga za Majimbo ya Marekani

Katika Kiswahili kuna maneno mawili ambayo mwanafunzi mgeni huyadhani kuwa ni mamoja: yetu na ya kwetu. Nyumba yetu ni ile tuliyoijenga, tuliyoinunua au tuliyoirithi, na hati yake tunayo sandukuni. Ama kitu cha kwetu chaweza kuwa mali ya mtu mwingine kabisa. Embe za kwetu zaweza kuota katika shamba la jirani tusiyesalimiana naye. Ni za kwetu kwa sababu tumekua tukizila, na tukiwa mbali tunazitaja kwa fahari kana kwamba sisi ndio tuliozipanda. Katika kazi yangu ya kufasiri nimeona kuwa Kiingereza huyabeba yote mawili kwa neno moja, na hapo ndipo maana nyingi hupotea njiani.

Nataka kuitumia tofauti hiyo kuisoma historia ya jambo linaloonekana dogo: baga za Marekani, hasa zile zinazouzwa katika sehemu moja tu ya nchi hiyo na kupendwa na watu wa sehemu hiyo kwa mapenzi yanayowashangaza wageni. Mtu aliye mbali akisikia neno baga hukumbuka McDonald's, jina lililoenea katika nchi zaidi ya 100. Wamarekani hula huko kwa mamilioni, lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akilitetea jina hilo kama mtu anayeutetea mji wake. Utetezi wa namna hiyo wamewawekea wengine. Mtu wa California ana In-N-Out, wa Texas ana Whataburger, wa Seattle ana Dick's, wa Tennessee ana Krystal. Wakikutana ugenini hubishana kama washabiki wa mpira. Mabishano yenyewe yana mzaha, ila historia iliyo nyuma yake haina mzaha hata kidogo.

Historia hiyo yaanzia mji wa Wichita, katika jimbo la Kansas. Mnamo mwaka 1916 mpishi aitwaye Walter Anderson alifungua huko kibanda cha kuuza kima iliyobapwa, ikakaangwa na vitunguu, ikatiwa ndani ya mkate. Wakati huo Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga. Riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, iliyotoka mwaka 1906, ilikuwa imewafichulia uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, na kima ndiyo nyama ambayo mlaji hawezi kuitazama akajua imetoka wapi. Mwaka 1921 Anderson alishirikiana na Billy Ingram, mfanyabiashara wa bima na nyumba, wakaanzisha White Castle, jina ambalo maana yake ni Kasri Jeupe. Jengo lilikuwa dogo, jeupe, lenye minara mfano wa ngome. Jiko lilikuwa mbele ya macho ya mteja. Watumishi walivaa nguo nyeupe. Na baga moja iliuzwa kwa senti 5. Weupe wote ule ulikuwa jawabu la hofu ya watu: tazama mwenyewe, kisha ule.

Wichita ikaipenda White Castle, na miji mingine ikafuata. Lakini mwaka 1933 Ingram aliinunua sehemu ya Anderson. Mwaka 1934 makao makuu yakahamia Columbus, Ohio. Na mwaka 1938 White Castle ikajitoa kabisa katika mji wa Wichita. Kitovu kilizikwa pale, mtoto akahamia kwingine asirudi. Watu wa Wichita hawakuwa na la kusema, kwani kitu kilikuwa cha kwao na hakikuwa chao.

Miaka 10 baadaye, jimbo la California lilishuhudia mambo mawili katika mwaka mmoja. Mwaka 1948, mjini San Bernardino, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliufunga mkahawa wao kwa muda, kisha wakaufungua tena kwa mpango mpya: vyakula vichache, kazi iliyogawanywa kama ya kiwandani, na baga ya senti 15. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, mjini Baldwin Park, Harry na Esther Snyder walifungua In-N-Out, kibanda kidogo ambacho mteja aliagiza kwa kipaza sauti bila ya kushuka katika gari lake.

Njia za majirani hawa zilitengana upesi. Mwaka 1955 Ray Kroc alifungua mkahawa wake wa kwanza wa McDonald's katika jimbo la Illinois, naye akaieneza biashara kwa kukodisha jina: mwenye mtaji alilipa, akapewa jina, mapishi na masharti. Mwaka 1961 Kroc aliwanunua ndugu wale moja kwa moja kwa dola milioni 2.7. Mkahawa wa San Bernardino ulibaki mikononi mwao, lakini jina McDonald halikuwa lao tena, wakalazimika kuliondoa mlangoni pao. Ni ajabu ya kutafakari: mtu kuzuiwa kulitumia jina la baba yake juu ya mlango wa duka lake mwenyewe.

Akina Snyder hawakumkodisha mtu jina lao. Kila mkahawa ulikuwa mali ya kampuni, nyama haikugandishwa, viazi vilikatwa palepale dukani, na hakuna mkahawa uliojengwa mahali ambapo lori la nyama mbichi lisingeweza kufika kutoka katika ghala zao. Masharti hayo ya jikoni yaligeuka kuwa mipaka ya ramani. Kwa zaidi ya miaka 40 In-N-Out haikuvuka California. Ilivuka kwa mara ya kwanza mwaka 1992, ilipofika Las Vegas, na Texas iliifikia mwaka 2011 tu. Ilipofunguliwa Colorado mwaka 2020, watu walikaa ndani ya magari yao katika foleni kwa zaidi ya saa 12. Baga ile haikuwa imebadilika. Kilichowapanga foleni, wengi wao wakiwa wamewahi kuishi California au kupita huko, ni kuwa kwa miaka yote ile kitu kile kilikuwa na kwao, na kwao hapakuwa hapa. Kitu kilichoko kila mahali hakiwezi kumkumbusha mtu mahali popote.

Wako waliojiwekea mpaka mdogo zaidi. Dick's Drive-In ilifunguliwa Seattle mwezi wa Januari 1954, baga ikiuzwa kwa senti 19, na mpaka leo haijatoka katika eneo la mji huo na jirani zake. Ilipotaka kujenga mkahawa mpya mwaka 2010 iliwaomba wateja wapige kura kuchagua upande. Upande wa kaskazini ukashinda, na mkahawa ukafunguliwa Edmonds mwaka uliofuata. Kampuni hiyo inajulikana pia kwa kuwalipa wafanyakazi wake vizuri kuliko desturi ya kazi hiyo na kuwasaidia ada za masomo. Kwa hiyo mtu wa Seattle akiisifu Dick's husifu kitu zaidi ya ladha. Huusifu mji wake kama angependa uwe.

Tuje Texas, ambako jambo hili lilipimwa kwa uchungu zaidi. Harmon Dobson, rubani na mfanyabiashara, akishirikiana na Paul Burton, alifungua Whataburger mjini Corpus Christi tarehe 8 Agosti 1950. Jina ni mshangao, kama mtu asemaye: baga gani hii! Alitaka baga kubwa hata mlaji aishike kwa mikono miwili, na akaiuza kwa senti 25. Tangu mwaka 1961 mapaa yake marefu yenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe yakawa alama ya barabara za jimbo hilo. Dobson alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1967; mkewe, Grace, akaishika biashara, na watoto wakairithi. Mwaka 2001 bunge la jimbo liliitangaza Whataburger kuwa hazina ya Texas. Mwaka 2009 makao makuu yakahama kutoka Corpus Christi kwenda San Antonio, na Corpus Christi ikaionja kidogo ladha ya Wichita. Lakini angalau San Antonio nayo ni Texas.

Mwezi wa Juni 2019 familia iliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa BDT Capital Partners, kampuni ya uwekezaji ya Chicago. Texas ikatoa sauti kama iliyofiwa. J. J. Watt, mchezaji mashuhuri wa timu ya Houston, aliandika hadharani, nusu kwa mzaha, kwamba watu wachangishane wainunue tena. Tuuzingatie mzaha huo, kwa sababu ndani yake mna ukweli wote. Watu waliokuwa wakisema yetu kwa miaka 69 waligundua siku moja kwamba ili iwe yao kweli ingewabidi kuinunua. Wauzaji hawakumdhulumu mtu. Waliuza mali yao. Bunge liliiita hazina, lakini azimio la bunge si hati ya kumiliki.

Je, mapenzi yaliuzwa pamoja na kampuni? Jawabu lilikuja miaka 5 baadaye, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliipiga pwani ya Texas, na zaidi ya wateja milioni 2 katika eneo la Houston wakakosa umeme. Kampuni ya umeme haikuwa na ramani ya kuonyesha mitaa iliyo gizani. Ndipo mtu mmoja akatambua kwamba programu ya simu ya Whataburger ilikuwa na ramani ya mikahawa yake yote: uliofunguliwa ulionekana kwa rangi ya chungwa, uliofungwa kwa rangi ya kijivu. Habari ikaenea, na watu wakaanza kuusoma mji wao kwa mikahawa ya baga. Penye chungwa pana umeme. Penye kijivu hapana. Ramani ile ilifaa kwa sababu mikahawa ilikuwa imeenea katika kila pembe ya maisha yao. Mmiliki alikuwa Chicago, lakini hilo halikumzuia mtu wa Houston kuitambua njia ya kwao.

Lau makala haya yangeishia hapa, yangekuwa hadithi tamu, na msomaji angekuwa na haki ya kuishuku. Neno kwetu lina mlango, na mlango huwa na bawabu.

Krystal ilianzishwa Chattanooga, Tennessee, mwaka 1932. Baga zake ni ndogo, za mraba, mfano wa zile za White Castle, na kwa vizazi kadhaa watu wa Kusini wamezihesabu kuwa kitambulisho chao. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Nashville waligoma kwa kuketi katika kaunta za vyakula zilizowakataa, na mwezi wa Mei maduka kadhaa ya katikati ya mji yakakubali kuwahudumia. Wengine hawakukubali. Mwezi wa Novemba mwaka huo vijana wawili, John Lewis na James Bevel, waliingia katika mkahawa wa Krystal, wakaketi. Meneja aliufunga mlango, akawasha mashine ya kufukizia wadudu, na wao wakiwa mlemle. Lewis, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alitoka hai, akaja kuwa mbunge wa taifa kuanzia mwaka 1987 hadi alipofariki mwaka 2020. Huko kaskazini nako hali haikuwa safi kama kuta za Kasri Jeupe. Mwezi wa Julai 1963 waandamanaji wa chama cha CORE walisimama mbele ya White Castle ya Bronx, New York, wakidai watu weusi na Wapuertoriko waajiriwe humo, na vijana wa kizungu wa mtaa huo wakawazingira kwa matusi. Nao vijana wale, bila ya shaka, waliamini kwamba wanalinda cha kwao.

Hapa ndipo ile tofauti yetu ya maneno inapotufaa zaidi. Wichita ya mwaka 1938 na Texas ya mwaka 2019 zatuonyesha kwamba kitu cha kwetu hakina mlinzi katika sheria; mwenye hati akitaka kuondoka ataondoka. Houston ya mwaka 2024 yatuonyesha kwamba hata hati ikihama, cha kwetu chaweza kubaki, maana kimekaa katika mazoea ya watu. Nashville yatuuliza swali lililo gumu kuliko yote: ni nani anayehesabiwa tunaposema kwetu?

Lewis na Bevel hawakwenda kudai hisa katika kampuni ya Krystal. Hawakuitaka iwe yao. Tennessee ilikuwa jimbo walimoishi na kusoma, mkahawa ulikuwa katika mji wao, na fedha za kulipia chakula walikuwa nazo. Walilolitaka ni kuketi, kuagiza, na kula kama watu walio kwao.