Programu ya Kale katika Roketi Mpya

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtu akijaribu kuimimina pishi nzima ndani ya kibaba, mchele humwagika. Hapo hakosi kibaba wala haukosi mchele. Hukosa mpimaji, ambaye hakuuliza chombo chake huchukua kiasi gani. Katika historia ya mitambo ya zama zetu kipo kisa kinachofanana sana na hicho, nacho yafaa kila kijana akijue.

Mwaka 1988 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha kwa mara ya kwanza roketi iitwayo Ariane 4. Roketi hiyo ilipata sifa njema. Ndani yake mlikuwa na chombo cha kupimia mwendo na mwelekeo, na chombo hicho kiliongozwa na programu ya tarakilishi. Baadaye wataalamu walipounda roketi kubwa na yenye nguvu zaidi, Ariane 5, walichukua sehemu hiyo ya programu na kuitia katika roketi mpya. Waliona kwamba kitu kilichokwisha kufanya kazi vizuri si busara kukigusa.

Tarehe 4 Juni 1996, yapata saa 3 na nusu asubuhi, Ariane 5 iliondoka kituoni Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, kwa safari yake ya kwanza. Ilichukua setilaiti 4 za kuchunguza nguvu za sumaku zinazoizunguka dunia. Sekunde zipatazo 40 tangu mwanzo wa safari, ikiwa kimo cha mita 3,700 hivi, roketi ilipinda ghafla, ikavunjika na kulipuka. Mabaki yake yalianguka katika vinamasi vya mikoko na mbuga zilizo karibu. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu ndani yake.

Je, msiba huo uliletwa na nini? Baraza la uchunguzi liliundwa, likiongozwa na Jacques-Louis Lions, mwanahisabati wa Kifaransa, nalo lilitoa taarifa yake tarehe 19 Julai mwaka ule ule. Ilibainika kwamba programu ilikuwa ikigeuza namba moja kubwa, iliyohifadhiwa katika biti 64, ili iingie katika nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo haiwezi kuchukua namba inayozidi 32,767. Katika Ariane 4 namba ile haikufika huko kamwe. Lakini Ariane 5 ilishika njia nyingine, na mwendo wake wa kwenda upande uliongezeka mara 5 kwa upesi kuliko ule wa nduguye. Pishi ikamiminwa katika kibaba.

Chombo kilipoona namba isiyochukulika, kilijizima. Kilikuwapo chombo cha akiba, lakini nacho kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimekwisha kujizima kwa sababu ile ile muda mfupi kabla, usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Tarakilishi kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu, ikaudhania kuwa ni habari za safari, ikaigeuza roketi kwa nguvu ili kusahihisha kosa ambalo halikuwapo.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Iliachwa iendelee kwa sababu ya haja ya roketi za zamani tu. Mazoea yana taabu! Wataalamu walikuwa wamechunguza namba 7 zilizoweza kuleta hatari hiyo. Wakaziwekea ulinzi 4, wakaziacha 3, ili tarakilishi isilemewe na kazi. Tena walikubaliana kutozitia habari za njia ya Ariane 5 katika masharti ya chombo kile. Na majaribio ya kukiendesha chombo chenyewe katika hali ya safari mpya, ambayo yangalifichua kosa mapema, hayakufanywa.

Angalieni, wanafunzi, kwamba katika kisa hiki hakuna mvivu wala mjinga. Kila aliyehusika alikuwa na sababu yake, na kila sababu peke yake ilionekana njema. Kilichokosekana ni swali moja: je, yale yaliyokuwa kweli kule tutokako ni kweli pia huku tuendako?

Ulaya haikukata tamaa. Ariane 5 iliruka tena mwaka 1997, na setilaiti nyingine 4 za uchunguzi ule zilirushwa mwaka 2000 kwa roketi za Kirusi. Tarehe 25 Desemba 2021 Ariane 5 ilichukua darubini kuu ya anga iitwayo James Webb, na kituo cha Malindi, katika pwani yetu ya Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifuatilia safari hiyo. Roketi hiyo ilistaafu mwaka 2023, ikiwa imejipatia heshima kubwa.

Nanyi mtakapoingia kazini mtarithi kazi za waliowatangulia: programu, ramani, hesabu na kanuni. Msizidharau, kwani zina jasho la watu ndani yake. Lakini msizihamishe kabla ya kuuliza zilitengenezwa kwa ajili ya mahali gani, na kwa kipimo gani. Kila mlango kwa ufunguo wake. Na ufunguo uliofungua nyumba ya jana hauna budi kujaribiwa kwanza katika mlango wa leo, kabla mvua haijaanza kunyesha.