Mashine ya Kwanza Tuliikataa: Historia ya Jenereta ya Chama

Katika miaka hii kumi chama kimenunua vitu vingi, lakini hakuna kilichotukalisha kikao muda mrefu kama jenereta. Wanachama wapya wanaikuta tu nyuma ya banda la samaki. Ni vyema wajue ilifikaje.

Habari yenyewe inaanza kabla ya chama. Zamani Unguja ilijizalishia umeme kwa mitambo ya dizeli. Mwaka 1980 ukaja waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba, tukawa tunategemea waya huo mmoja. Mei 2008 umeme ukakatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zikasimama, tukarudi visimani na ndoo. Samaki wa kwenye friza wakatupwa. Mwenye jenereta alifanya biashara, asiye nayo alitazama.

Waya mpya wa megawati 100, uliolazwa kwa msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013, na hali ikawa afadhali sana. Lakini umeme wa kukatika saa mbili tatu haukwisha, na samaki hana subira. Basi tulipoanzisha mradi wa friza tulijua jenereta ni lazima. Mpya ilitushinda bei. Ikabaki ya mtumba.

Hapo ubishi ukaanza. Wapo waliosema mtumba wa mashine ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hawakukosea kuogopa. Fedha za sanduku ni hisa za mama wa maandazi, za mama wa mwani anayeshinda na maji ya magotini. Zikipotea, nani atamtazama mwenzake usoni? Tukakata shauri: haitoki hata shilingi mpaka mashine ikaguliwe na fundi wetu wenyewe, si wa muuzaji, mbele ya wanachama watatu.

Mashine ya kwanza iling'aa kama sinia la harusi. Muuzaji akatwambia, "Mama zangu, hii imeshuka juzi tu kutoka Japani, haijaguswa." Katibu wetu akasogeza kiganja karibu na injini, akakuta ina joto. "Mwanangu, haijaguswa na mbona imeshawashwa?" Kijana akacheka tu. Injini iliyokwisha pashwa moto huwaka kwa urahisi. Ugonjwa wake huonekana asubuhi ikiwa baridi. Kisha fundi akasoma kibao: volti 100, hezi 60. Huko Japani umeme wa majumbani ni volti 100, na upande wao wa magharibi ni hezi 60. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Friza yetu isingefanya kazi hapo. Tukaaga kwa heshima.

Ya pili ilikuwa imepauka rangi, lakini tuliikuta baridi. Fundi alichomoa kijiti cha oili kwanza. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Ikiwa na chengachenga za chuma, injini inajila. Hii ilikuwa nyeusi kidogo tu. Akafungua plagi, akaikuta kavu, ya rangi ya udongo, haina masizi ya mafuta. Akavuta kamba polepole, nayo ikamkatalia. Hiyo ndiyo dalili njema, kwani kamba inayokuja laini ni ya injini iliyochoka.

Ikawaka. Tukatazama moshi: wa buluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Ulitoka mweusi kidogo, na chujio kweli lilikuwa limejaa vumbi. Mita ikaonyesha volti sawasawa. Lakini mashine isiyobeba mzigo haijasema kitu. Tukachomeka pasi mbili, kisha friza, ambayo wakati wa kuanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia. Injini ikaguna, ikajishika. Tukaiacha saa nzima. Fundi akatufahamisha pia kuwa KVA si kilowati: kibao cha KVA 5 chenye alama ya 0.8 ni kilowati 4 tu, kwa hiyo tusiihesabie zaidi.

Kwa chujio na kamba iliyochakaa tukaombana bei, ikapungua. Risiti ikaandikwa namba ya injini, maana mali isiyo na karatasi huenda ina mwenyewe.

Mpaka leo inakaa nje ya banda, haiingizwi ndani hata mvua ikinyesha; tumeijengea kipaa chake. Moshi wake una hewa isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Sanduku halikupata hasara, na wabishi wetu ndio waliotufundisha kukagua. Chama kisiwachoke wanaouliza maswali.