Neno "Mangi" na Wanawake wa Masoko ya Kilimanjaro

Mtu akiingia katika duka dogo la mtaani Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, aghalabu atasikia mnunuzi akisema, "Mangi, nipe sukari nusu kilo." Mwenye duka huitika, hata kama jina lake ni jingine kabisa, na pengine hata kama yeye si Mchaga. Neno hili kwa asili ni cheo. Mangi alikuwa mtawala wa nchi moja katika nchi nyingi za Uchaga: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Mwika, Usseri na nyinginezo. Serikali ya Tanganyika ilipoondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, cheo kilikoma lakini neno halikufa. Lilishuka kitini likaja kukaa nyuma ya kaunta.

Wanafunzi wa lugha huona hapa mfano mzuri wa neno lililobadili maana, nao hawakosei. Lakini mfano huu una hila ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Neno hilo humfanya msikilizaji adhani kwamba biashara ya Wachaga ilianza kwa wakubwa na kwa wanaume. Ukweli ni kinyume chake. Mangi hakuwa mtu wa soko, na soko la mlimani lilikuwa la wanawake.

Ili kulielewa soko hilo, yafaa kwanza kuutazama mlima wenyewe. Kilimanjaro ni mlima wa ngazi. Juu uko msitu. Chini yake ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya ndizi yaliyozunguka nyumba na kunyweshwa maji ya mifongo. Chini zaidi mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Kisha tambarare yenye joto na mifugo. Hakuna ngazi iliyojitosheleza. Mwenye ndizi hana majani ya kutosha kulishia ng'ombe aliyefungwa zizini. Aliye tambarare ana maziwa na ngozi lakini hana ndizi. Magadi ya kupikia kiburu yalitoka chini. Chuma kilitoka Ugweno katika milima ya Upare, kwa maana Wachaga walikuwa na wahunzi hodari lakini hawakuwa na mawe ya chuma ya kuyeyusha. Vyungu navyo vilitoka kwa wafinyanzi wa Upare. Kwa hiyo mwanamke aliyejitwika mkungu juu ya ngata yake na kuteremka alfajiri hakuwa akitafuta faida tu kama tunavyoielewa leo. Alikuwa akiunganisha ngazi za mlima ambazo bila yeye zisingepata kujuana.

Biashara ya mangi ilikuwa ya namna nyingine. Misafara iliyopanda kutoka Pangani, Tanga na Mombasa katika karne ya 19 ililetwa na pembe za ndovu, na pia, hatuna haki ya kuficha, na watumwa. Msafara ulifikia kwa mangi, ukampa hongo ya nguo, shanga na waya, na bila idhini yake haukununua kitu cha thamani. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara na ambaye alifariki mwaka 1891, alipata nguvu kubwa kwa njia hiyo. Na mshindani wake, Sina wa Kibosho, vilevile. Wageni waliopita huko waliandika kurasa nyingi juu ya watawala hao, majeshi yao na tamaa yao ya bunduki. Ajabu ni kwamba wageni haohao walikula kila siku ndizi na maharage yaliyopandwa na kuletwa na wanawake, na juu ya hao waliandika kidogo sana. Mwandishi huandika habari za mtu anayeweza kumzuia njiani, si za yule anayemlisha.

Reli ya Usambara ilipofika Moshi mwaka 1911, mji mpya ulianza kukua chini, mbali na boma la kale la mlimani. Kodi ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kufanya rupia kuwa kitu cha lazima. Na baada ya Waingereza kuja, shilingi ikashika nafasi ya rupia kuanzia mwaka 1921. Yaliyofuata yanajulikana vizuri, kwa sababu yaliandikwa: kahawa ilienea vihambani, mwaka 1925 kikaundwa chama cha wakulima Waafrika wa Kilimanjaro, ambacho rais wake alikuwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU. Historia ya ushirika huu ni ya fahari, wala sina nia ya kuipunguza. Nataka tu msomaji aangalie kihamba kimoja kwa makini. Mkahawa na mgomba vimesimama pamoja, mmoja kivulini mwa mwingine, katika udongo mmoja uliotiwa samadi ya ng'ombe mmoja. Lakini hesabu zao ni mbili. Fedha ya kahawa ililipwa kwa msimu, kwa jina la mwanamume mwenye kihamba, nayo iliandikwa daftarini. Fedha ya ndizi za kula, maharage, magimbi na maziwa ilikuja siku ya soko, mkononi mwa mke, ikatoka siku hiyohiyo kwa chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Hata migomba yenyewe iligawanywa: za pombe ni za baba, za chakula ni za mama. Daftari likatupa historia ya kahawa. Hesabu ya ndizi ilifungwa katika pindo la kanga, na huko ikabaki.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu. Kinachoitwa Kichaga si lugha moja iliyo sawa. Wataalamu wametenga kundi la magharibi, kundi la kati na kundi la Rombo, na mtu wa Machame akikutana na mtu wa Rombo, kila mmoja akashikilia usemi wa kwao, hawataelewana sana. Katika masoko ya mlimani jambo hili halikuwa na taabu kubwa, kwa kuwa majirani huzoeana. Lakini katika soko la mji, ambako Mmachame, Mrombo, Mpare, Mkahe na Mmasai husimama safu moja, Kiswahili kilikuwa ndiyo njia. Shule na kanisa vilifundisha Kiswahili kwa kitabu. Soko lilikifundisha kwa njaa ya kuuza. Mimi naona kwamba mchango huu wa soko haujapimwa inavyostahili.

Maneno nayo yalipanda na kushuka mlima kama mizigo. Yaliyopanda ni yale ya hesabu: soko, bei, faida, hasara na ushuru, yenye asili ya Kiarabu, pesa na duka, yaliyotujia kutoka Uhindi. Yaliyoshuka ni ya chakula na shamba: mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama anaopewa mzazi; mbege, pombe ya ndizi na ulezi; msesewe, gome linaloipa mbege uchungu; kihamba; na masale, mmea wa mpaka na wa kuombea msamaha. Jambo hili lastahili kuangaliwa: karibu yote yaliyoshuka ni maneno ya vitu vilivyopita mikononi mwa wanawake. Cheo kimoja tu kilishuka pamoja nayo, nacho ni hicho cha mangi.

Leo anayetaka kuwaona warithi wa masoko hayo aende Mwika siku ya soko, au Mbuyuni mjini Moshi. Mwika mikungu hupangwa chini kwa aina. Mshare, ambayo wengine huitamka mchare, ni ya kupika. Ndishi ni ya mbege. Kitarasa husagwa unga wa uji. Kisukari ni ya kuliwa mbivu. Mkungu haupimwi kwa mizani. Muuzaji huutazama, huuinua kidogo, hutaja bei, mnunuzi hutikisa kichwa na kusema, "Mama, punguza." Maharage hupimwa kwa debe au kwa sado. Sado ni kopo la rangi ya Sadolin lililopewa kazi ya pili, na jina lake limekatwa ili litoshe kinywani mwa watu wenye haraka. Na yako magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia juu, ambayo sheria ya vipimo huyakataza na mnunuzi wa jumla huyapenda. Hapo ndipo penye ugomvi wa kweli. Mwenye lori la kwenda Dar es Salaam anajua bei ya huko. Mama aliyeteremka na mikungu mitatu haijui, tena hawezi kuipandisha tena mlimani jua likizama. Mizani ingemsaidia. Lakini nimesikia wauzaji wazee wakiikataa, kwa hoja ambayo siyo ya kijinga: mizani hupima uzito, haipimi utamu wala haijui mshare wa juu na mshare wa chini.

Huko Kiboriloni, kando ya barabara iendayo Himo, nguo za mitumba zilipanuka sana, na vijana wa kiume waliokuwa wakiziuza kwa kupiga kelele walifanya soko liwe na sauti nyingine. Wanaume kweli wameingia sokoni, nasi twaweza kueleza ni kwa nini. Vihamba viligawanywa kwa wana mpaka vikawa vidogo mno. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa baadaye. Na mapatano ya dunia juu ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka na wengine wakang'oa mikahawa. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, mpaka wa Kenya ulifungwa, na watu wa Rombo wakajifunza biashara ya usiku ya sabuni na sukari. Kijana asiye na kihamba wala kahawa alikwenda mjini kufungua duka. Mtaji wake wa kwanza mara nyingi ulikuwa fedha ya ndizi za mama yake.

Huyo ndiye tunayemwita Mangi. Mama yake, wanunuzi wa Mwika humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au "mama" tu.