Kiti cha Misri na nyumba ya Wynford Drive

Hii ni tarehe ya kiti cha Misri na ya ukoo mmoja uliowahi kukikalia, ambao leo una nyumba Wynford Drive, North York, mjini Toronto.

Kwetu ukimwita mtu firauni umemtukana. Kwa Wamisri wenyewe per-aa ni nyumba kubwa, yaani ikulu, na baadaye ndipo likawa jina la mwenye ikulu. Firauni alihesabiwa mungu, na makuhani wa kila hekalu walitoa sadaka kwa niaba yake. Lakini enzi yake ilipimwa kwa maji. Kisiwani Elephantine, Aswan, zipo ngazi za mawe zilizochongwa alama; Nile ikipanda, makarani walisoma kina wakajua mavuno yatakuwaje na kodi ya nafaka iweje.

Mwaka 969 Jawhar, jemadari wa Mafatimi, ndio ukoo niliotaja, aliitwaa Misri akaanza kujenga Kairo. Bwana wake al-Muizz aliwasili 973. Huyu hakudai uungu. Alikuwa imamu, akijinasibisha na Mtume kupitia Bi Fatima. Mto ulikuwa uleule. Akapiga marufuku kutangaza kina cha maji hadi kifike dhiraa 16, maana habari ya mto kuchelewa huwafanya wenye nafaka wafunge maghala, na bei hupaa. Mimi naiheshimu amri hiyo kuliko vita vyake vyote. Kilembwe wake, al-Mustansir, hakubahatika: kuanzia 1065 njaa ilidumu miaka saba, askari wakapora hazina ya ikulu, hata vitabu. Alipofariki 1094 wanawe waligombea kiti, na wafuasi wa mmoja wao, Nizar, wakashika njia ya Uajemi. Mwaka 1171 Salahuddin akaifunga dola ya Mafatimi.

Ukoo ukabaki na watu bila nchi. Tarehe 10 Agosti 1946, Dar es Salaam, Aga Khan wa Tatu, imamu wa wafuasi hao wa Nizar, alipimwa kwa almasi. Jina la sherehe hiyo, Diamond Jubilee, lingali Upanga. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, alitawazwa mjini humohumo 19 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia, wakiwamo wafuasi wake, siku 90 waondoke Uganda. Maelfu walipokelewa Kanada, na wengi wakaja kupanga Don Mills na Flemingdon Park, mitaa ya Toronto, na Kiswahili chao mdomoni.

Tarehe 12 Septemba 2014 vilifunguliwa Wynford Drive jamatkhana, nyumba yao ya ibada, na Jumba la Makumbusho la Aga Khan, la mawe meupe, na kati ya majengo hayo bustani ya mabwawa matano. Ndani ya jumba hilo vimewekwa vyombo vya enzi ya Mafatimi, na bibi aliyezaliwa Kampala au Mwanza anaweza kusimama mbele yavyo akamsimulia mjukuu wake.

Februari 2025 Aga Khan wa Nne alifariki Lisbon. Akapelekwa Aswan, akazikwa katika kaburi la babu yake, juu ya kilima cha ng'ambo ya magharibi. Chini yake ni Nile, na ndani ya Nile, Elephantine.